Ndugu Wawili wa Tanga na Magitaa Yao

Leo nataka kuzungumza nanyi, hasa ninyi mlioko Handeni na Korogwe, juu ya kazi ya kupiga gitaa na kutunga nyimbo. Najua wako watakaosema, "Lo! Kupiga gitaa nayo ni kazi? Kazi ni jembe, kazi ni duka, kazi ni kalamu." Siwalaumu, maana baba mwenye mtoto wa kiume hupenda kumwona akishika jambo litakalojaza ghala. Lakini nawaomba mnipe masikio yenu kwa muda mchache, niwaeleze habari za ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliotoka mjini Tanga wakiwa na vidole vyao na sauti zao, wakavuka mpaka, nyimbo zao zikasikiwa katika Afrika ya Mashariki nzima. Nikiisha kueleza, kila mtu atapima mwenyewe kama ile ilikuwa kazi au mchezo.

Kwanza yafaa tuujue udongo uliouotesha muziki ule, na udongo wenyewe ni huu mnaoukanyaga kila siku. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Njia ilikuwa ndefu, na miche iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yakaenea mashamba makubwa, toka Pangani na Tanga, kupita Muheza, mpaka Korogwe na mbele yake. Mwaka ule ule wa 1893 ilianza Tanga kazi ya kujenga reli, na mwaka 1902 gari la moshi likafika Korogwe. Basi mkonge ukapata njia ya kwenda bandarini, na watu wakapata njia ya kuja kwenye mkonge.

Nao walikuja wengi. Walikuja Wanyamwezi na Wasukuma kutoka magharibi, Wabena kutoka nyanda za juu za kusini, Wamakonde kutoka upande wa Ruvuma, na Warundi kutoka kwao Urundi. Watu waliwaita manamba, kwa sababu ya namba walizoandikiwa. Kila mmoja alipewa kipande chake, akahesabiwa siku zake za kazi. Wazigua wa Handeni na Wasambaa wa milimani, ambao wengi wao hawakupenda kukaa katika kambi za mashamba, waliwauzia wageni hao mahindi, maharagwe na ndizi. Ila ukija mwaka wa ukame, mtu wa Handeni naye alifunga safari kwenda kukata mkonge apate fedha ya kununulia chakula.

Sasa fikirini jioni ya siku ya mshahara katika kambi moja ya mkonge. Huyu ana ngoma ya kwao, yule ana ya kwao, na kila mmoja ana lugha yake. Mtunzi akiimba kwa Kinyamwezi, Mmakonde hupata mlio asipate maana. Akiimba kwa Kimakonde, Mrundi hukaa kimya. Lakini akiimba kwa Kiswahili, kambi nzima huitikia. Kadhalika ngoma ya kabila moja ina hatua zake ambazo mgeni hazijui, bali ile ngoma ya beni, na baada yake dansi ya magitaa, haikuwa ya kabila lo lote, na kila mtu aliweza kujifunza. Hii ndiyo sababu moja kubwa iliyoufanya mkoa wa Tanga kuwa kitovu cha muziki wa dansi. Palikuwa na watu wengi wenye asili mbalimbali, palikuwa na fedha kidogo mwisho wa mwezi, na palikuwa na lugha moja ya kuwakutanisha.

Dalili ya mambo haya mtaiona katika jina la bendi moja ya Tanga iliyoanzishwa katika miaka ya 1950. Ilijiita Young Nyamwezi, maana yake vijana wa Kinyamwezi. Baadaye bendi hiyo ikabadili jina, ikajiita Jamhuri Jazz. Tazameni mabadiliko hayo: mwanzo jina la kabila, halafu jina la nchi yote. Mshindani wake mkubwa mjini Tanga alikuwa Atomic Jazz, na mashindano ya bendi hizo mbili yaliwanoa wapigaji wa pande zote mbili kama kisu kinavyonolewa na jiwe.

Mwaka 1966 Wilson na George waliingia katika Jamhuri Jazz. Hapo ndipo penye shule yao. Ili mwelewe walichojifunza, sina budi kueleza kidogo jinsi magitaa yanavyofanya kazi katika bendi, maana watu wengi huyasikia pamoja wakadhani ni gitaa moja.

Katika bendi ya namna ile huwa na magitaa matatu. La kwanza ni besi, lenye nyuzi nene na sauti nzito, nalo ndilo nguzo ya nyumba. La pili ni rizimu, ambalo hurudia mpigo wake bila kuchoka, kama mikono ya mwanamke asukaye ukili: huenda, hurudi, wala halipotezi hesabu. La tatu ni solo, lenye sauti nyembamba ya juu, nalo husema na mwimbaji. Mwimbaji akinyamaza, solo hujibu. Akiimba tena, solo hujificha. Mmepata kuwaona wanawake watatu wakitwanga katika kinu kimoja? Kila mmoja hupandisha mchi wake wakati wa mwenzake kushusha, na michi haigongani. Akikosea mmoja, michi hugongana na unga humwagika. Ndivyo yalivyo magitaa matatu. Uzuri wake hautoki katika mbio za vidole vya mtu mmoja. Hutoka katika kila mtu kujua nafasi yake, na kumwachia mwenzake nafasi.

Wilson alijulikana kwa gitaa la solo na kwa uimbaji. George naye alipiga gitaa na kuimba, na wote wawili walitunga. Sauti za ndugu wa tumbo moja mara nyingi hufanana, nazo zikiunganishwa, moja juu na moja chini, huwa kama uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi mbili. Jambo hili halinunuliwi dukani.

Mwaka 1970 ndugu hao waliondoka Tanga wakaenda Arusha, na pamoja na ndugu yao wa tatu, William, wakapiga muziki kwa jina la Arusha Jazz. Hawakukaa sana. Mwaka 1971 walivuka mpaka wakaingia Mombasa, na huko wakaunda bendi iliyowapa sifa yao, Simba Wanyika. Jina hilo lina picha ya simba wa nyikani, nanyi watu wa Handeni mnaijua nyika kuliko wengi.

Hapa msikilizaji mwenye akili atauliza, "Kwa nini waliondoka kwao?" Swali hili ni zito, maana ndilo linalowakabili vijana wengi wenye kipawa. Nitaeleza hali ilivyokuwa.

Katika miaka ile Redio Tanzania ilikuwa ikirekodi nyimbo za bendi na kuzitangaza. Kwa njia hiyo sauti ya mpigaji ilifika kila kijiji chenye redio. Lakini nchini hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Mtu aliyeupenda wimbo aliusikia redioni, ila akitaka kuununua hakupata cha kununua, mpaka wimbo ule uwe umekwenda Kenya ukachapwa huko. Nairobi palikuwa na viwanda na makampuni ya santuri, na Mombasa palikuwa na duka la Assanand lililotoa santuri zenye chapa ya Mzuri. Tena Tanga ni karibu na Mombasa kuliko na Dar es Salaam. Basi mpigaji wa Tanga aliyetaka santuri yake aione kwa macho alitazama kaskazini.

Pamoja na hayo, mambo ya mkonge nayo hayakusimama. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa yapata tani 230,000 za mkonge, kiasi ambacho hakijapata kufikiwa tena. Baadaye bei ilianguka, kwa sababu viwanda vya ng'ambo vilianza kutengeneza kamba kwa nyuzi zisizotoka shambani. Mashamba yalipunguza watu, na mengine yakafungwa. Bila shaka shilingi ya mkata mkonge ikipungua, tiketi ya dansi nayo hukosa mnunuzi.

Katikati ya miaka ya 1970 Simba Wanyika walihamia Nairobi. Msidhani maisha ya huko yalikuwa ya kustarehe. Mpigaji wa mjini huanza kazi wakati watu wanaporudi kutoka kazini, akasimama na gitaa begani mpaka usiku wa manane, na mchana wake ni wa mazoezi. Wimbo ukiisha kupendwa dansini, ndipo huingizwa katika santuri. Santuri ndogo ya siku hizo ilikuwa na nyuso mbili, na kila uso ulichukua dakika chache tu. Kwa hiyo watunzi waligawa wimbo mmoja sehemu mbili. Katika uso wa kwanza waliimba kisa kwa utulivu, msikilizaji apate kuelewa maneno. Katika uso wa pili magitaa yalichemka, maneno yakawa machache, na wachezaji wakainuka. Mwenye gramafoni aliigeuza santuri kama mtu afunuaye ukurasa wa pili wa barua.

Na visa vyenyewe vilikuwa vya namna gani? Vilikuwa visa vya watu wa kawaida: mapenzi yaliyobadilika, mke aliyerudi kwao, fedha inayotafutwa kwa jasho na kutoweka kwa siku moja, maneno ya majirani. Mtunzi mzuri hutafuta jambo ambalo kila msikilizaji amelipata, akalisema kwa maneno machache ambayo hata mtoto aweza kuyashika, akaweka kiitikio kinachorudi, kisha akaacha nafasi tupu kwa gitaa. Kuacha nafasi ni kazi ngumu. Mtunzi asiyejua kunyamaza hujaza wimbo maneno mpaka ukakosa pumzi.

Sasa nifikie miaka ya taabu. Mwezi wa Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, nao haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Fikirini hali ya Mtanzania aliyekuwa Nairobi akiishi kwa gitaa. Nyumbani ni karibu, lakini njia imezibwa. Akifiwa na mzazi, safari ya siku moja imekuwa jambo la vibali na wasiwasi. Santuri zilizokuwa zikivuka kwa magunia zikakwama. Redio tu haikuhitaji hati ya kusafiria. Usiku ukitulia, mtu wa Korogwe aliweza kuzungusha kitufe chake, akasikia kutoka ng'ambo lugha ya kwao na magitaa ya watu wa kwao.

Mwaka uliofuata, 1978, pigo lilitoka ndani ya nyumba. Omar Shabani, mpigaji wa rizimu, aliondoka Simba Wanyika pamoja na wenzake, wakiwamo Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma. Wakaunda bendi iitwayo Les Wanyika, na wimbo wao "Sina Makosa," uliotungwa na Omar Shabani, ukavuma kila mahali. Kumbukeni mfano wangu wa kinu. Katika wale watwangaji, sasa waliondoka wenye michi ya chini, wale ambao msikilizaji hawaoni lakini ndio wanaoshika mwendo. Ndugu wawili walibaki na solo na sauti zao.

Siwezi kusema ni neno gani lililowatenga watu hawa, maana ya ndani ya nyumba huyajua wenye nyumba. Lakini kwa kawaida bendi nyingi huvunjika kwa mambo mawili: mgawanyo wa fedha na mgawanyo wa sifa. Jina la mwimbaji huandikwa mbele, na la mpiga rizimu husomwa na wachache, ingawa pasipo yeye hapana wimbo. Pasipo na mapatano yaliyoandikwa, kila mmoja hukumbuka ahadi kwa namna yake. Na neno lisiloandikwa ni kama maji ya mvua juu ya mchanga.

Lililo la kustaajabisha ni hili: jina la Wanyika halikufa kwa mgawanyiko ule. Lilizaa. Baada ya Les Wanyika kulitokea bendi nyingine zenye jina hilo, kama zile za Issa Juma, mpaka "Wanyika" likawa jina la namna nzima ya muziki, kama vile mtu asemavyo taarabu. Nao Wilson na George hawakutupa magitaa wala hawakurudi nyumbani kulalamika. Walitafuta wapigaji wengine, wakawafundisha mwendo wao, wakaendelea katika miaka yote ya 1980, na santuri yao kubwa iitwayo Haleluya ni ya wakati huo. Walisafiri mpaka Ulaya, na mwaka 1992 ikatoka Uholanzi sahani yao iitwayo Pepea, ambayo ndani yake waliziimba upya baadhi ya nyimbo zao za zamani kwa vyombo vizuri.

Mwisho wa mwaka huo huo wa 1992 George alifariki dunia. Wilson alibaki akiishika bendi peke yake, kama mtu aliyezoea kubeba mzigo kwa mti wa mabegani, na sasa mwenzake wa nyuma hayupo. Mwaka 1995 yeye naye akafariki, na Simba Wanyika ikakoma. Tangu Jamhuri Jazz mwaka 1966 mpaka kifo cha George, ndugu hao walikuwa wamepiga muziki kwa miaka 26. Ni ndoa ngapi zinazofika miaka hiyo?

Wasikilizaji wangu, nimewaeleza habari hizi kwa sababu ninyi wa Handeni na Korogwe mnao vijana wenye mikono kama ile. Leo kijana hana haja ya kwenda Nairobi kutafuta kiwanda cha santuri. Aweza kurekodi wimbo wake katika chumba kidogo mjini Korogwe, na kabla jua halijatua ukasikiwa Mombasa na hata Uarabuni. Mpaka ule wa zamani umeondoka. Lakini shida ya kupata haki ya jasho lako ingalipo, na juu yake nina maneno mawili ya faida.

La kwanza, mjue tofauti ya kuutunga wimbo na kuupiga wimbo. Zamani wapigaji wengi wa nchi zetu walilipwa fedha ya mara moja siku ya kurekodi, wakaenda zao wakifurahi, na wimbo ukaendelea kuwaletea wengine faida miaka ishirini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema kwamba wimbo ni mali ya aliyeutunga, na kwamba mali hiyo hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Pigeni hesabu: kwa kipimo hicho, nyimbo za mtunzi aliyefariki mwaka 1992 ni mali ya warithi wake mpaka mwisho wa mwaka 2042. Sheria hiyo ndiyo iliyounda chombo kiitwacho COSOTA, ambako mtunzi huandikisha kazi yake. Mtu ashindwaye kuandikisha wimbo wake ni sawa na mtu anayelima shamba bila kuweka mpaka. Jirani akisogeza jembe, atalia na nani?

La pili, andikeni mapatano wakati mngali mkipendana. Ndugu wawili, au marafiki wawili, wakianza muziki, na wakae chini kabla fedha haijaja, waseme: nani katunga, nani apige nini, fedha igawanywe vipi, na mmoja akiondoka au akifa jina libaki kwa nani. Kuandika hivyo si kutoaminiana. Ni kuulinda undugu usije ukauzwa kwa bei ya tiketi ya dansi.

Nanyi wazazi, mtoto wako akishika gitaa, usilivunje. Mwulize kwanza maswali matatu. Je, unafanya mazoezi kila siku, au unapiga wakati wa kusifiwa tu? Je, waweza kumwachia mwenzako nafasi? Je, unajua kusoma mapatano kabla ya kutia sahihi? Akijibu vema yote matatu, huyo ana kazi mkononi, kama fundi seremala mwenye randa yake. Asipojibu, mpeleke shambani kwanza, na gitaa limngoje ukutani.

Mkipita stesheni ya Korogwe, au mkisubiri gari kwenye njia ya Handeni, huenda mkasikia katika duka la mtu redio ikipiga wimbo wa Simba Wanyika. Simameni kidogo. Msisikilize mwimbaji peke yake. Litafuteni kwanza gitaa la chini, kisha la katikati, kisha la juu, mtaisikia michi mitatu katika kinu kimoja, nayo haigongani.